Idhini ya Kazi na Namba ya Kodi nchini Marekani

Somo kwa wageni wanaozungumza Kiswahili

Lengo la somo

Mgeni anayeingia Marekani kwa nia ya kuishi na kujipatia riziki hukutana mapema na maswali mawili. La kwanza: je, sheria inamruhusu kufanya kazi? La pili: je, serikali itamtambua kwa namba gani anapolipa kodi? Maswali haya huulizwa na idara tofauti na hujibiwa kwa karatasi tofauti. Jibu la moja halitoshelezi la pili. Hata hivyo watu wengi huyachanganya. Katika mchanganyiko huo ndimo matapeli wanamojipatia fedha, ndimo baadhi ya waajiri wanamowanyima watu haki zao, na ndimo mtu mwadilifu anamoweza kutia saini tamko litakalomfungia njia ya ukaazi maisha yake yote.

Msomaji atakapomaliza somo hili ataweza:

1. kueleza idhini yake ya kazi inatokana na nini;
2. kujaza sehemu yake ya fomu ya I-9 bila kujidhuru;
3. kutofautisha namba ya SSN na namba ya ITIN;
4. kutambua huduma inayopaswa kuwa ya bure na mtu asiyestahili kuaminiwa.

1. Idhini ya kazi hutokana na hali yako kisheria

Wengi hudhani kwamba kibali cha kazi ni kadi. Kwa hakika kadi ni ushahidi tu. Idhini yenyewe hutokana na hali ya mtu katika sheria ya uhamiaji. Tofauti hii ina uzito mkubwa, kwa maana wapo wageni wenye haki ya kufanya kazi hata kama kadi yao imekwisha muda, na wapo wengine ambao haki yao hukoma siku ile ile kadi inapokwisha.

Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kufanya kazi kwa sababu ya ukaazi wake. Mkimbizi aliyepokewa rasmi nchini, na mtu aliyekwisha kupewa hifadhi, wanaruhusiwa kwa sababu ya hadhi waliyopewa. Hawa wote hawahitaji kibali kingine ili wawe na haki ya kufanya kazi, ingawa mkimbizi hupewa kadi ya kibali ili imrahisishie kujithibitisha.

Mwombaji ambaye ombi lake la hifadhi halijaamuliwa yuko katika hali nyingine. Yeye hana haki ya kufanya kazi mpaka aombe kibali kwa fomu ya I-765 katika idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, na akipate. Sheria inakataza kibali hicho kutolewa kabla ya siku 180 kupita tangu ombi la hifadhi lipokelewe. Ucheleweshaji anaousababisha mwombaji mwenyewe, kama kuomba kesi iahirishwe, huweza kusimamisha hesabu ya siku hizo. Basi kabla ya kuomba kuahirishwa, mwulize mwanasheria wako jambo hilo litaathiri vipi kibali chako.

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaweza kufanya kazi ndani ya chuo chake, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, bila kadi ya kibali. Kazi ya nje ya chuo inahitaji idhini ya pekee. Mwenye viza ya matembezi hana ruhusa ya kuajiriwa hata kwa siku moja.

Angalia tarehe ya mwisho iliyochapishwa kwenye kadi yako leo, usingoje. Kwa miaka kadhaa, watu wengi walioomba kadi mpya mapema waliongezewa muda moja kwa moja wakati ombi likisubiri. Kanuni iliyotolewa tarehe 30 Oktoba 2025 iliwaondolea wengi nyongeza hiyo kwa maombi yanayowasilishwa kuanzia siku hiyo. Kwa sababu hiyo, anayetegemea kadi ili awe na idhini asichelewe: ombi la kadi mpya kwa kawaida linaweza kuwasilishwa hadi siku 180 kabla ya ile ya zamani kwisha. Ada hubadilika mara kwa mara. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye tovuti ya USCIS siku ile ile unayotuma fomu. Ukihama nyumba, iarifu USCIS anwani mpya ndani ya siku 10, kwani kadi hutumwa kwa posta.

2. Siku ya kuajiriwa: fomu ya I-9

Tangu sheria ya mwaka 1986, kila mwajiri nchini Marekani anapaswa kuhakikisha kwa fomu ya I-9 kwamba mtu anayemwajiri ana idhini ya kazi. Fomu hii hujazwa na kila mwajiriwa, awe raia au mgeni. Mfanyakazi hujaza sehemu ya kwanza kabla ya siku yake ya kwanza ya kazi kumalizika. Mwajiri hukagua hati na kujaza sehemu ya pili ndani ya siku tatu za kazi tangu siku hiyo.

Katika sehemu ya kwanza kuna visanduku vinne. Kimoja ni cha raia wa Marekani. Kimoja ni cha watu wachache wasio raia lakini wenye utaifa wa Marekani, kama wazaliwa wa American Samoa. Kimoja ni cha wakaazi wa kudumu. Na cha mwisho ni cha mgeni mwingine aliyeidhinishwa kufanya kazi. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika somo hili. Mgeni akitia alama kwenye kisanduku cha raia, amedai uraia asiokuwa nao. Sheria ya uhamiaji huweza kumzuia mtu wa namna hiyo asipate ukaazi kwa maisha yake yote, na misamaha ni michache mno. Kuharakishwa na karani, au kujaziwa fomu na mwenzako anayekijua Kiingereza, ni utetezi dhaifu, kwa sababu saini iliyopo ni yako. Usitie saini fomu ya I-9 kabla ya kusomewa kila kisanduku kwa lugha unayoielewa. Mkimbizi na mtu aliyepewa hifadhi hutia alama kisanduku cha mwisho, na kwa kuwa idhini yao haina ukomo, mahali pa tarehe ya mwisho wanaweza kuandika N/A. Akiwa amekwisha kupata ukaazi wa kudumu, hutia alama kisanduku cha mkaazi.

Hati za kuonyesha zimepangwa katika orodha tatu. Hati moja ya Orodha A inatosha peke yake: kwa mfano kadi ya ukaazi wa kudumu au kadi ya kibali cha kazi. Asiyekuwa na hati ya Orodha A huonyesha mbili: moja ya Orodha B inayothibitisha yeye ni nani, kama leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, na moja ya Orodha C inayothibitisha idhini, kama kadi ya SSN isiyo na maandishi ya kizuizi.

Uchaguzi wa hati ni wa mfanyakazi. Mwajiri haruhusiwi kusema, "Wewe ni mgeni, niletee kadi ya uhamiaji," ikiwa umeonyesha hati halali kutoka kwenye orodha. Chukua mfano wa mkimbizi kutoka Kivu ambaye kadi yake ya kibali imekwisha muda. Anacho kitambulisho cha jimbo na kadi ya SSN isiyo na kizuizi. Hati hizo mbili zinatosha, na mwajiri anayezikataa kwa sababu tu mtu huyo si raia huenda amevunja sheria. Aidha, mkimbizi mgeni kabisa anaweza kuonyesha rekodi yake ya kuingia nchini, fomu ya I-94 yenye muhuri wa kupokewa kama mkimbizi, nayo hukubaliwa kwa siku 90 wakati hati nyingine zikisubiriwa.

Malalamiko ya namna hii hupelekwa kwenye kitengo cha haki za wahamiaji na wafanyakazi katika Wizara ya Sheria. Simu ya wafanyakazi ni 1-800-255-7688, nawe unaweza kuomba mkalimani. Usikawie: muda wa kufungua malalamiko ni siku 180 tangu tendo lenyewe.

3. Namba ya SSN na kadi zake tatu

Namba ya Hifadhi ya Jamii, ambayo wengi huiita "soshali" na ambayo hapa tutaiita SSN, ina tarakimu tisa. Hutolewa na mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, na hutumiwa kuandika mishahara yako katika kumbukumbu zitakazokuwa msingi wa pensheni yako. Mgeni mwenye idhini ya kazi huiomba kwa fomu ya SS-5, akipeleka hati halisi. Nakala za fotokopi hazikubaliwi, hata zikiwa na mhuri wa mthibitishaji. Huduma hii ni ya bure. Kadi ya kwanza ni bure, na kadi ya badala ni bure pia. Simu ni 1-800-772-1213.

Kadi zinazotolewa ni za aina tatu, na kila mgeni hana budi kusoma maandishi ya kadi yake:

• Kadi isiyo na maandishi ya kizuizi hupewa raia, wakaazi wa kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi.
• Kadi isemayo kwamba inafaa kwa kazi pamoja na idhini ya usalama wa ndani, DHS, hupewa wenye idhini ya muda. Kadi hiyo peke yake haithibitishi idhini ya kazi.
• Kadi isemayo kwamba haifai kwa kazi hupewa mtu asiye na idhini ya kazi anayehitaji namba kwa sababu nyingine halali.

Aliyepata kadi yenye kizuizi akiwa bado mwomba hifadhi, kisha akapewa hifadhi au ukaazi wa kudumu, anaweza kuomba kadi mpya isiyo na kizuizi. Namba haibadiliki; hubadilika maandishi tu.

Wengi huuliza kama mtu anaweza kuanza kazi kabla SSN haijafika. Jibu ni ndiyo, ikiwa ana idhini na ameonyesha hati za I-9. Namba hiyo itahitajika kwa ajili ya kodi, basi iombe mara moja na umpatie mwajiri itakapofika.

Yako pia mambo ya majina na tarehe. Jina lenye sehemu tatu, kama yalivyo majina mengi ya Kongo, huweza kupangwa kwa namna tofauti katika kila hati; na wakimbizi wengi wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa wameandikiwa tarehe 1 Januari. Tofauti ndogo kati ya hati huzuia namba, mshahara na marejesho ya kodi. Linganisha herufi kwa herufi siku unayopokea kila hati, na uombe marekebisho mapema.

4. Namba ya ITIN ni ya kodi peke yake

Wapo watu ambao hawawezi kupata SSN lakini wanahitaji kutajwa katika ritani ya kodi: mke wa mwanafunzi wa kigeni, kwa mfano, au mtu aishiye Mombasa mwenye nyumba ya kupangisha Ohio. Kwa ajili yao idara ya mapato, IRS, ilianzisha mwaka 1996 namba ya mlipakodi iitwayo ITIN. Nayo ina tarakimu tisa, na siku zote huanza na tarakimu 9.

ITIN huombwa kwa fomu ya W-7, ambayo kwa kawaida huambatanishwa na ritani ya kodi. Pasipoti ndiyo hati pekee inayotosha kuthibitisha utambulisho na uraia wa kigeni kwa pamoja. Ukituma kwa posta, IRS hutaka hati halisi au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa. Asiyetaka kuachana na pasipoti yake anaweza kumwendea wakala wa uthibitisho aliyeidhinishwa na IRS. IRS yenyewe haitozi ada kwa ITIN. Wakala binafsi anaweza kutoza malipo ya kazi yake, basi uliza kiasi kabla ya kuanza. Namba isiyotumika katika ritani ya kodi ya serikali kuu kwa miaka mitatu mfululizo hukoma.

Shika maneno haya: ITIN haimpi mtu idhini ya kufanya kazi, haibadilishi hali yake ya uhamiaji, na haimpi haki ya mafao ya Hifadhi ya Jamii. Anayekuuzia ITIN kwa jina la "kibali" anakulaghai. Na ukipata SSN baadaye, acha kutumia ITIN, uiandikie IRS iunganishe kumbukumbu zako, ili kodi uliyokwisha kulipa isipotee njiani. Asiye na idhini ya kuishi nchini na anayetaka kuwasilisha ritani azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji kuhusu hali yake.

5. Wajibu wa kodi

Hapa nako kuna maneno yanayopotosha. "Mkaazi" wa sheria ya kodi si lazima awe "mkaazi wa kudumu" wa sheria ya uhamiaji. Asiye na ukaazi wa kudumu huhesabiwa kwa siku: awe amekuwako Marekani angalau siku 31 mwaka huu, na jumla ya siku 183 kwa hesabu ya miaka mitatu. Siku za mwaka huu huhesabiwa zote, za mwaka jana theluthi moja, na za mwaka juzi sehemu moja ya sita.

Mfano: mtu amekaa siku 120 mwaka huu, siku 150 mwaka jana, na siku 90 mwaka juzi. Hesabu yake ni 120 na 50 na 15, jumla 185. Amepita 183, basi kwa kawaida yeye ni mkaazi wa kikodi. Hujaza fomu ya 1040 na kutangaza mapato yake ya duniani kote, ikiwemo kodi ya pango anayopokea kutoka Bukavu au Nairobi. Ikiwa akaunti zake za benki za nje zilipita jumla ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, ana taarifa nyingine ya kutoa. Asiye mkaazi wa kikodi hujaza fomu ya 1040-NR. Mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida hahesabiwi siku zake katika miaka mitano ya kwanza, na katika kipindi hicho mshahara wake wa kazi iliyoidhinishwa haupaswi kukatwa michango ya Hifadhi ya Jamii na Medicare. Ukiona imekatwa, anza kwa kumwomba mwajiri akurejeshee.

Mwajiriwa hujaza fomu ya W-4 anapoanza kazi, na mwajiri humkata kodi kila malipo. Kufikia tarehe 31 Januari mwajiri hutoa fomu ya W-2 yenye jumla ya mshahara na makato. Ritani huwasilishwa kwa kawaida kufikia tarehe 15 Aprili.

Anayelipwa kama mkandarasi wa kujitegemea hupewa fomu ya 1099 na hakatwi chochote. Fedha hizo si zake zote. Faida yake ikifika dola 400 kwa mwaka, anadaiwa michango ya kujiajiri yenye kiwango cha asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato. Wala asidanganyike kwamba ukandarasi hauhitaji idhini: kwa mwenye viza ya masomo au ya matembezi, kujiajiri bila idhini ni kuvunja masharti ya viza.

6. Kujilinda na walaghai

Kongo na Burundi, notaire ni ofisa mwenye mamlaka ya kisheria, na watu humheshimu kwa haki. Marekani, mtu mwenye cheo kinachofanana na hicho kwa jina hushuhudia saini tu. Hana ruhusa ya kukushauri fomu ipi ya uhamiaji inakufaa. Wenye ruhusa ni wanasheria wenye leseni na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria wanaofanya kazi katika mashirika yanayotambuliwa. Mkalimani au mwandishi anaweza kuandika majibu yako. Hawezi kukuchagulia majibu.

Katika mambo ya kodi, mtayarishaji anayelipwa lazima atie saini ritani na kuandika namba yake ya PTIN. Usitie saini ritani tupu, na usikubali marejesho yako yapelekwe kwenye akaunti ya mtayarishaji. Wenye kipato cha chini na wasiokijua Kiingereza vizuri wanaweza kusaidiwa bure na mpango wa VITA wa IRS. Simu yake ni 800-906-9887.

Tovuti za serikali huishia kwa .gov. Hakuna idara ya serikali itakayodai malipo kwa kadi za zawadi au sarafu za kidijitali, wala kukutishia kwa simu kwamba utakamatwa saa ile ile usipolipa.

7. Maswali ya kujipima

Swali la 1. Rafiki yako ana ITIN na ameahidiwa kazi ya kiwandani. Je, ITIN inamtosha?
Jibu. Haimtoshi. Ni lazima awe na idhini ya kazi inayotokana na hali yake ya uhamiaji.

Swali la 2. Mkimbizi ameonyesha kitambulisho cha jimbo na kadi ya SSN isiyo na kizuizi. Mwajiri anadai pia kadi ya kibali. Afanyeje?
Jibu. Amweleze kwa upole kwamba hati mbili za Orodha B na C zinatosha. Akikataliwa, apige simu Wizara ya Sheria kabla ya siku 180 kupita.

Swali la 3. Karani wa ajira anasema, "Weka alama kisanduku cha kwanza, wote hufanya hivyo." Kisanduku hicho ni cha raia. Afanyeje asiye raia?
Jibu. Akatae, hata kama kazi itampita. Kazi nyingine yaweza kupatikana. Athari ya dai la uongo la uraia yaweza kudumu maisha.

Swali la 4. Mtu anaomba dola 200 ili "kuharakisha" kadi ya SSN. Je, alipwe?
Jibu. Asilipwe. Kadi hutolewa bure, na hakuna mtu wa nje anayeweza kuiharakisha.

Hifadhi mahali pamoja nakala za kadi zako, fomu za W-2, ritani za kila mwaka na risiti za maombi yako ya uhamiaji. Siku utakapoomba ukaazi au uraia, karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha ulifanya kazi kwa idhini gani na ulilipa kodi kwa namba ipi.